Shokapu za nyuma za Land Cruiser "mkonga": za kiwandani, za gesi, za sponji au za mrija mmoja?

Shokapu za nyuma za Land Cruiser HZJ78 na HZJ79, zile hadtopu na pikapu zinazoitwa mkonga, hufa kimyakimya. Nyuma ya magari haya kuna springi za bapa, na vyuma vyake vinaposuguana hupunguza mdundo kiasi. Kwa hiyo gari halianzi kurukaruka kama lile la springi za koili. Linaanza kwa kutupa mkia kwenye kona za changarawe, halafu tairi za nyuma zinalika kwa mabaka, mwisho sikio la chuma linaloshikilia shokapu linapata ufa. Hapo ndipo mwenye gari anapokwenda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, akawekewa maboksi manne yenye bei zisizokaribiana, asijue pesa ya ziada inanunua nini.

Pesa hiyo kwa sehemu kubwa inanunua uwezo wa kuhimili joto. Shokapu haibebi gari, springi ndizo zinazobeba. Kazi ya shokapu ni kuzuia springi isiendelee kucheza baada ya pigo, na inafanya hivyo kwa kusukuma mafuta kupita kwenye vali nyembamba. Nguvu yote ya mdundo inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Ukielewa hilo, maboksi manne pale mezani yanaanza kutofautiana kwa sababu zinazoeleweka.

Hakikisha kwanza kwamba zimekufa

Ile desturi ya kukandamiza bampa la nyuma na kuhesabu mara ngapi gari linadunda haisaidii kwenye mkonga. Springi zake ni ngumu mno kwa uzito wa mtu mmoja. Fanya haya badala yake.

Endesha kilomita kumi hivi kwenye barabara mbovu, simama, kisha dondoshea maji kidogo juu ya kila shokapu. Iliyo hai itakuwa ya moto na maji yatakauka upesi. Iliyokufa itabaki karibu na joto la chesisi, kwa sababu haifanyi kazi yoyote. Usiishike kwa mkono mtupu, maana nzima inaweza kukuunguza.

Pili, angalia mafuta. Unyevu mwembamba wenye vumbi karibu na sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) si ugonjwa, kwa kuwa fimbo ya chuma inayoingia na kutoka kwenye shokapu hutoka na utando wa mafuta kila inapopanda. Mafuta yaliyochora mstari hadi chini, au yaliyotengeneza tope kwenye ekseli, ndiyo dalili ya sili iliyoachia.

Tatu, fungua upande wa chini na uivute na kuisukuma kwa mkono. Upinzani uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mahali inateleza bure, hata sentimita moja, kisha inashika tena, basi vali imechoka au mafuta yamepungua. Shokapu ya mafuta matupu, isiyo na gesi ndani, haipandi yenyewe ukiiachia, na hilo si kosa. Ya gesi hupanda taratibu. Ya mrija mmoja hupanda kwa nguvu.

Nne, chunguza bushi, ile mipira ya kwenye vishikio vya shokapu. Kelele nyingi za "gongo-gongo" nyuma zinatokana na bushi za mpira zilizoisha, wala si shokapu yenyewe, na seti ya bushi ni bei ndogo sana ukilinganisha na jozi mpya.

Vigezo vya kulinganisha

Tumetumia vigezo vitano, na havina uzito sawa. Cha kwanza ni joto, yaani shokapu inabaki na nguvu kiasi gani baada ya saa nzima ya barabara yenye makunyanzi (vituta vidogo vinavyofuatana). Cha pili ni mzigo: inaendana vipi na springi zilizopo, gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Cha tatu ni mawe, tope na chumvi. Cha nne ni upatikanaji wake mbali na miji mikubwa, na kama inarekebishika. Cha tano ni bei, ambayo ina maana tu ukiipima kwa kilomita inazodumu.

Chaguo zenyewe

Shokapu ya kiwandani ni ya mirija miwili. Mrija wa ndani ndimo pistoni inamopita, na wa nje ni ghala la mafuta yanayobaki. Toyota huiuza kwa namba ya kipuri inayoanza na 48531 kwa shokapu za nyuma (za mbele huanza na 48511). Inamfaa mwenye gari lisilobadilishwa springi na lisilobebeshwa kupita uwezo wake.

Ya gesi, mirija miwili, imeundwa vilevile, ila juu ya mafuta ya mrija wa nje kuna nitrojeni yenye mgandamizo mdogo, takribani bar 5 hadi 10. Kwenye kundi hili kuna KYB Excel-G, ambayo mafundi wengi bado wanaiita Kayaba, na Nitrocharger Sport ya Old Man Emu kutoka Australia, yenye fimbo na mirija minene zaidi. Hizi zinamfaa mwenye gari la kazi mchanganyiko, lami na vumbi.

Ya sponji nayo ina mirija miwili, lakini mahali pa gesi pamewekwa sponji ngumu yenye vijishimo vilivyofungwa, isiyonyonya mafuta. Mwili wake ni mnene, na mafuta yake ni mengi. Tough Dog na Ironman 4x4, wote wa Australia, ndio wanaojulikana zaidi. Inamfaa anayetembea na mzigo mkubwa kwa mwendo wa wastani karibu kila siku.

Ya mrija mmoja haina ghala la nje. Mafuta na nitrojeni vimo ndani ya silinda moja, vimetenganishwa na pistoni inayoelea, na gesi ina mgandamizo mkubwa, takribani bar 20 hadi 30. Bilstein wa Ujerumani walianza kuziunda kwa wingi mwaka 1957 kwa ajili ya Mercedes-Benz. Bilstein B6 na KYB Gas-A-Just ni za aina hii. Inamfaa anayekwenda mwendo mkubwa kwenye barabara ndefu za vumbi na anayependa gari linalotulia.

Kuna aina ya tano yenye kopo la pembeni linalounganishwa kwa hosi. Ni nzuri sana kwa mashindano ya magari, lakini kwa gari la kazi hosi na mabano yake ni vitu viwili zaidi vya kuvunjika, kwa hiyo tumeiacha.

Joto

Tuchukue kipande cha Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, ambacho kila dereva wa watalii anakijua kwa mgongo wake. Makunyanzi ya barabara ya namna hiyo hupishana kwa karibu sentimita 60 hadi 90. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linapigwa mara 18 hadi 28 kila sekunde. Kila pigo ni dogo, lakini hakuna nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine, na mafuta hupanda joto hadi kupita nyuzi 100.

Kwenye shokapu ya mafuta matupu matatizo mawili huja pamoja. Mafuta yanakuwa mepesi, na hewa iliyomo kwenye mrija wa nje inachanganyika nayo na kufanya povu. Povu hupita kwenye vali karibu bila upinzani. Ndiyo maana gari lililoondoka getini likiwa limetulia linaanza kuyumba baada ya dakika arobaini, na likipumzika kidogo linarudi kuwa zima. Dereva anadhani ni upepo.

Ya gesi ya mirija miwili inachelewesha povu hilo, kwa sababu mgandamizo wa nitrojeni unazuia viputo visijitengeneze. Hauliondoi kabisa. Gesi na mafuta bado vinagusana, na mrija wa nje bado unalizuia joto la mrija wa ndani lisitoke haraka. Kwa safari ya saa moja au mbili yenye vipumziko, hii inatosha watu wengi.

Ya sponji inaliondoa tatizo la povu kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hakuna gesi huru ya kuchanganyika na mafuta. Mafuta mengi pia huchelewa kupata joto. Ila ikishapata, huchukua muda mrefu kupoa, kwa hiyo anayekimbiza kutwa nzima hatapata faida ile ile anayoipata anayekwenda kilomita 40 au 50 kwa saa.

Kwenye kigezo hiki ya mrija mmoja ina nguvu ya kimaumbile. Ukuta unaoguswa na mafuta ya moto ndio huohuo unaoguswa na upepo wa nje. Gesi haigusani na mafuta, na pistoni ni pana. Ya Bilstein ina milimita 46, kwa hiyo kila pigo linasukuma mafuta mengi zaidi kwa shinikizo dogo zaidi. Inachoka taratibu na inapoa upesi.

Kabla ya kulaumu shokapu ya aina yoyote, punguza upepo wa tairi kwa robo hivi ukiingia vumbi, na upunguze mwendo pia. Tairi laini humeza sehemu ya mapigo ambayo shokapu ingeyameza. Ukirudi lami, jaza tena.

Mzigo

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Pikapu ya HZJ79 ikiwa tupu kitako chake ni chepesi, na ikiwa na tani moja ni gari jingine kabisa. Hadtopu zilizorefushwa Arusha kwa ajili ya watalii, zenye paa la kuinuka, viti saba, friji, betri ya pili na tairi mbili za akiba, karibu kila mara zimeongezewa majani ya springi. Springi ngumu inaporudi juu hurudi kwa nguvu kubwa zaidi, na shokapu iliyopangwa kwa springi za kiwandani haiwezi kuishika. Matokeo yake ni kitako kinachotupwa juu kila baada ya tuta. Dereva anasema shokapu ni laini. Kwa kweli shokapu na springi haziendani.

Ya kiwandani basi ni sawa kabisa pale springi zilipobaki za kiwandani. Za Old Man Emu na kampuni kama hizo huuzwa kwa ngazi zinazoendana na springi nyepesi, za kati na nzito, na hapo faida ni kubwa ikiwa muuzaji anakuuliza uzito wa gari kabla ya kutaja bei. Asipouliza, mwambie mwenyewe: gari tupu lina nini juu ya keria, na mzigo wa kawaida ni kilo ngapi.

Za sponji kwa kawaida huja ngumu zaidi. Gari likiwa limejaa, utazipenda. Likiwa tupu kwenye lami yenye viraka, abiria wa nyuma wataona kila kiraka. Tough Dog wana aina yenye kirungu cha kuzungusha kwa hatua tisa, ambayo humfaa mtu anayebeba leo na kesho anarudi tupu, ilimradi akumbuke kuzungusha pande zote mbili sawasawa.

Za mrija mmoja zina jambo moja la kuelewa. Gesi yake husukuma fimbo nje wakati wote. Kwa fimbo ya milimita 14 na mgandamizo wa bar 25, hiyo ni karibu kilo 40 kwa kila shokapu. Kitako kinaweza kuinuka kidogo, na gari tupu linahisi kukakamaa katika mita chache za kwanza. Muuzaji akikwambia nguvu hiyo inasaidia kubeba mzigo, usimwamini. Springi iliyolala hainyanyuliwi na shokapu ya aina yoyote.

Mawe, tope na chumvi

Mawe yanayopiga shokapu za nyuma hurushwa na tairi za mbele. Kwenye mirija miwili, bonyeo kwenye mrija wa nje ni kovu tu, maana pistoni iko ndani zaidi na inaendelea kupita. Kwenye mrija mmoja bonyeo hilo liko kwenye njia ya pistoni yenyewe. Dogo linaharibu ringi ya pistoni, kubwa linaikwamisha katikati ya safari, na ikikwama fimbo hupinda au sikio hung'oka. Kwa njia za mawe makali, kama zile za kutoka Marsabit kuelekea Loiyangalani, anayechagua mrija mmoja afunge kinga ya bati au ya mpira mzito mbele ya mwili wa shokapu.

Za sponji zina ukuta mnene na huvumilia mawe vizuri, lakini unene wenyewe una gharama. Kabla ya kukaza, pima nafasi hadi kwenye hosi ya breki, waya wa hendibreki, bomba la ekzosi na ncha za yu-bolti, ekseli ikiwa juu kabisa na ikiwa imening'inia. Iachie nafasi ya kidole kimoja angalau.

Tope huumiza aina zote kwa namna moja. Likikauka kwenye fimbo, mchanga wake hukwangua sili. Osha fimbo baada ya matope. Mpira wa kufunika fimbo unasaidia ukiwa mzima, lakini ukichanika hugeuka mfuko wa kutunza tope na maji, na kwa magari ya mwambao maji hayo yana chumvi. Fimbo yenye vidoto vya kutu haitengenezeki, hata ukiibadilishia sili.

Upatikanaji na matengenezo

Mpanda, Kigoma au Lodwar utapata shokapu za kiwandani au za Kayaba, au kitu kinachofanana nazo. Za sponji na za Bilstein huagizwa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, na unasubiri. Tofauti hii ni kubwa kwa gari linalofanya kazi peke yake porini. Namna ya kuipunguza ni rahisi: ukibadilisha jozi, ile ya zamani iliyo na hali nzuri ifungwe kwenye gunia na ikae kwenye gari pamoja na seti ya bushi na nati mbili. Moja ya akiba ya aina nyingine inatosha kukufikisha mjini kwa mwendo mdogo.

Kuhusu bandia: soko limejaa maboksi mazuri yenye kitu kibaya ndani. Linganisha namba ya boksi na namba iliyogongwa au kuchapishwa kwenye mwili. Angalia mshono wa kuchomea kwenye jicho la chini, ambao kwenye mali halisi ni wa upana mmoja kuzunguka pote. Pima uzito wa mbili za jozi moja, zisitofautiane. Muuzaji anayekataa usizifungue boksi zote mbili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mitumba hatukuiweka kwenye ulinganisho kwa sababu haina kipimo. Hujui imetembea kilomita ngapi, na shokapu iliyolala ubavu ghalani kwa muda mrefu sili yake inaweza kuwa imekauka ikavuja wiki ya kwanza. Vivyo hivyo kwa mtindo wa kutoboa shokapu, kujaza mafuta na kuchomelea tundu. Mafuta yanayowekwa si ya uzito sahihi, gesi imetoka yote, na vali iliyochoka imebaki vilevile. Kwenye mrija mmoja jambo hili ni la hatari kabisa: kuna bar 20 na zaidi ndani, na anayeipasha moto au kuitoboa anaweza kupoteza jicho. Baadhi ya aina za mrija mmoja hufunguliwa na kujazwa upya kiwandani au kwenye karakana yenye mtambo wa nitrojeni. Za mirija miwili na za sponji zikifa hutupwa.

Bei

Bei za vipuri hupanda na kushuka na dola na ushuru, hivyo mpangilio una maana kuliko tarakimu. Kwa kawaida za gesi za mirija miwili za daraja la Excel-G ndizo za chini, za kiwandani zenye namba ya Toyota zinaweza kuwa juu yake, kisha zinafuata za gesi za kazi nzito, na za sponji na mrija mmoja zinakaa juu zaidi. Gari linalotembea zaidi kwenye lami halitarudisha gharama ya hizo mbili za mwisho. Gari la mbugani linalobadilisha za bei ndogo kila msimu huenda limeshazilipia bila kuzipata.

Kupima na kufunga

Aina yoyote utakayochagua, urefu usipolingana umepoteza pesa. Gari likiwa limesimama kwa kimo chake cha kawaida, pima kutoka kishikio cha juu hadi cha chini. Kisha pima nafasi kati ya ekseli na mpira wa kugotea, ule unaozuia ekseli isipige chesisi. Tuseme ya kwanza ni milimita 480 na ya pili ni 90. Ekseli itagota shokapu ikiwa na urefu wa 390. Shokapu mpya ikifungwa kabisa iwe 370 au chini ya hapo, kwa sababu mpira wa kugotea nao hubonyea. Sasa inua chesisi hadi magurudumu yaning'inie, upime tena. Shokapu ikifunguka kabisa lazima ifike urefu huo na kuuzidi kidogo, la sivyo ekseli yote itakuwa inaning'inia kwenye fimbo kila gari linaporuka. Gari lililoinuliwa kwa milimita 50 huhitaji shokapu ndefu, huhitaji kuangaliwa hosi ya breki, na kama lina vali ya breki inayosoma mzigo kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli, kijiti hicho kirekebishwe.

Kwenye kufunga, badilisha zote mbili kwa pamoja. Nyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Weka kabari magurudumu ya mbele pande zote mbili. Hendibreki ya mkonga hushika ya nyuma, na ukiinua nyuma haishiki chochote. Kwa springi za bapa kazi inawezekana hata magurudumu yakiwa chini. Ukiinua, weka stendi chini ya chesisi na jeki chini ya ekseli ili uipandishe na kuishusha kutafuta usawa wa tundu. Mwenye gari la springi za koili asithubutu kuondoa shokapu bila jeki chini ya ekseli. Hapo shokapu ndiyo inayozuia ekseli isianguke, na ikianguka springi hutoka na hosi ya breki huvutika.

Nati ya juu kwenye fimbo ikizunguka na fimbo yake, shika bapa la ncha ya fimbo kwa spana. Usishike fimbo yenyewe kwa koleo, hata kwa kitambaa. Mkwaruzo mmoja unakula sili ndani ya wiki chache. Jicho likiwa limegandana na pini yake, kata mpira wa bushi, kisha pasua ala ya chuma kwa msumeno taratibu bila kugusa pini.

Shokapu ya mirija miwili, ya mafuta, ya gesi au ya sponji, inapokuwa imelazwa dukani hewa, au gesi kama ipo, huingia mrija wa ndani. Isimamishe wima jinsi itakavyofungwa, ifungue na kuifunga kikamilifu mara tano au sita mpaka upinzani uwe mmoja. Wengi wanaoruka hatua hii hurudi dukani kulalamika kwamba wameuziwa mbovu. Ya mrija mmoja haihitaji hilo. Acha mkanda unaoifunga ikiwa imebanwa mpaka upande wa juu umeshashikwa, ndipo uukate.

Raba za fimbo hukazwa mpaka zivimbe kufikia ukingo wa washa, si mpaka zipasuke. Bolti za jicho zikamatishwe kwa mkono tu gari likiwa juu, na zikazwe mwisho likiwa limesimama kwa uzito wake. Mpira wa bushi umeshikana na ala yake, na ukiukaza ekseli ikiwa imening'inia utakuwa umejikunja muda wote, ukachanika mapema. Rudia kukaza baada ya kilomita 500, au mara baada ya safari ya kwanza ya vumbi.

Uchague ipi, kwa hali yako

Hadtopu ya watalii iliyorefushwa, springi zimeongezwa, Serengeti au Ruaha kila wiki: uko kati ya sponji na mrija mmoja. Kama madereva wako huenda taratibu na njia zina mawe, sponji. Kama ni masafa marefu ya makunyanzi na ratiba inawabana, mrija mmoja wenye kinga, pamoja na akiba moja garini.

Pikapu ya kubeba vifaa vya ujenzi au mazao, inayokwenda imejaa na kurudi tupu: ya gesi ya kazi nzito iliyopangwa kwa springi zako, au ya sponji yenye kurekebishwa kama utakuwa na nidhamu ya kuirekebisha.

Gari la ofisi au la familia, springi za kiwandani, lami kwa sehemu kubwa na shamba mwisho wa wiki: ya kiwandani au Excel-G. Pesa inayobaki nunulia bushi na tairi nzuri.

Gari la mradi linalokaa mbali, fundi wa karibu yuko mwendo wa siku nzima: ya kiwandani au ya gesi ya mirija miwili, hata kama bajeti inaruhusu zaidi, kwa sababu ndiyo utakayopata nyingine yake. Beba jozi ya pili.

Gari la mwambao linaloingia mchanga na maji ya bahari: aina yoyote ya mirija miwili isiyo na mpira wa kufunika fimbo, au yenye mpira unaotoka kirahisi, na maji safi yapitishwe kwenye fimbo na bushi kila jioni ya siku hiyo.

Na kama sikio la chesisi limeshapata ufa, anza na mchomeleaji mzuri kabla ya duka la vipuri. Shokapu ngumu kuliko ya zamani itauchana ufa huo ndani ya safari chache.